Wote Walichagua Saba

Nyanya haina subira. Hindi litakungoja ghalani hadi utakapolikumbuka, ndizi nayo itakupa siku ya kufikiri, lakini nyanya ikishaiva imeiva, na ikikosa gari leo, kesho ni ya ng'ombe. Kwa hiyo ile Alhamisi makreti yalipobaki kwenye varanda ya Wakesho kwa mara ya pili, na maji yake yakaanza kutambaa juu ya sakafu aliyoipaka nta kwa mikono yake mwenyewe, akina mama wa Wusi hawakuhitaji kuelezwa kitu. Walikuja mmoja mmoja, wakaketi, wakakataa chai. Watu wakikataa chai, ujue wamekuja na neno.

Neno lenyewe alilibeba Loise, jirani yake wa bonde la chini, ambaye alikuwa na mazoea ya kusema yale wenziwe wanayoyafikiria.

"Mama Valentine," alisema, maana Wakesho aliitwa hivyo kwa jina la kifungua mimba wake, "tuliambiwa hii mashine inaongea na Voi. Mimi naona inaongea peke yake."

"Hata mimi huongea peke yangu," akasema mama mmoja pale mlangoni, "lakini sijawahi kumwambia mtu avune nyanya kwa ajili hiyo."

Wakesho aliangalia yale maji sakafuni. Ni yeye aliyepita boma kwa boma, msimu uliopita, akiwashawishi waachane na Reuben broka na pikapu yake ya samawati. Reuben alikuwa akichagua nyanya nzuri, akisukuma zingine kando kwa ncha ya kiatu, akitaja bei huku akiangalia mlima. Wakesho aliwaambia kwamba ushirika una lori la kwenda soko la Mombasa, lori liko Voi, na mashine italiita. Walimwamini kwa sababu hajawahi kuwadanganya, hata kwenye mambo ya harusi.

"Reuben ni mwizi," alisema Loise polepole, kama mtu anayepima kitambaa. "Lakini ni mwizi anayefika kwa wakati. Tunakupa Alhamisi moja, Mama Valentine. Lori likikosa kuja, tunamrudia Reuben, na kikundi tunakivunja. Hatukuchukii."

"Najua," alisema Wakesho.

Walipoondoka alichukua ndoo akapangusa varanda. Kisha akaingia sebuleni, akaitazama mashine.

Ilikaa kwenye meza ya pembeni, chini ya picha ya harusi yake. Alikuwa ameifumia kitambaa cheupe chenye ua la manjano katikati, na kingine kidogo cha redio, na cha tatu cha betri ya gari iliyoipa umeme, ili betri nayo isijione mtoto wa kambo. Wakati huo, ambao ulikuwa kabla ya ile mvua ya El Nino iliyobeba madaraja, huku milimani hapakuwa na simu ya kumfaa mtu. Ushirika ulikuwa umeleta kompyuta nne: moja Voi lilipolala lori, moja Wusi, moja Maungu kwenye barabara kuu, na moja Chala kule mpakani. Kila kompyuta ilifungwa kwenye redio, na redio zote zilipitia mtambo mmoja ulioko juu ya mlima Vuria. Njia ilikuwa moja, ya watu wote, kama ile ya kwenda kisimani.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Asubuhi ya Alhamisi kila kituo kiandike kama kina mzigo. Bi Mwanaesha wa Voi asome, aijibu kila barua, amwambie dereva aanzie wapi. Ujumbe ukipokewa, kioo cha mwandishi huandika IMEFIKA. Usipopokewa, huandika HAIJAFIKA, na mashine hujaribu tena yenyewe mpaka ichoke. Na bila ujumbe lori halitoki, maana liliwahi kupelekwa Chala kwa kukisia, likarudi limebeba vumbi.

Alhamisi mbili mfululizo, tangu vituo vyote vitatu vianze kuvuna kwa pamoja, Wakesho alikuwa amesoma HAIJAFIKA mpaka herufi zile za kijani zikambakia machoni alipofumba.

Ijumaa aliteremka Voi. Bi Mwanaesha alikuwa katika duka la kakake Mbaruk, nyuma, baina ya mifuko ya simiti na misumari ya mabati, ambako kompyuta ya ushirika ilipewa kona. Alikuwa mwanamke wa asili ya pwani, mwenye leso iliyopigwa pasi na sauti isiyopanda wala kushuka.

"Karibu, dada yangu. Keti hapo, lakini usiegemee, chokaa itakuchafua. Wajionaje?"

"Sijambo. Bi Mwanaesha, ujumbe wangu haukufika?"

"Haukufika. Wala wa Chala haukufika, wala wa Maungu. Lori lilikuwa limeoshwa, dereva amevaa kofia, mimi nimekaa hapa kama bibi arusi, hapana aliyekuja. Kitu nilichosikia ni redio tu. Yalia kama kuku wawili wanaogombea mdudu mmoja, kisha kimya. Halafu baada ya muda yalia tena vilevile. Asubuhi nzima."

"Na Mzee wa Chala anasemaje?"

"Amenitumia maneno kwa basi. Asema Shetani ameingia kwenye antena."

Walimpigia simu fundi Derrick kule Mombasa, aliyekuwa amezifunga zile mashine, naye akaahidi kufika Jumatatu. Maneno yakapelekwa kwa vituo vingine kwa makondakta na kwa watu wa sokoni, na njia hiyo, kwa hakika, haikupoteza hata neno moja.

Jumatatu walikusanyika nyuma ya duka. Mzee Zephaniah wa Chala, mzee wa kanisa, alikuwa ametoka alfajiri, na alivua kofia yake na kuiweka juu ya goti kana kwamba nayo imealikwa. Ndunge wa Maungu alikuja na chupa ya asali kwa Bi Mwanaesha na mdomo uliokwisha kuamka. Wakesho alikaa karibu na mlango. Aliwaza varanda yake. Nyanya zilizobaki shambani zilikuwa zimeanza kugeuka rangi, na hazikuwa zikimwuliza mtu.

Derrick alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kalamu nyingi mfukoni. Alisema hakuna Shetani.

"Njia ni moja," alisema. "Wawili wakituma kwa pamoja, jumbe zinagongana huko Vuria, zote mbili zinaharibika. Mashine hizi hazina kifaa cha kusikiliza kwanza kama mwingine anaongea. Kwani nyinyi mnatuma saa ngapi?"

"Baada ya habari ya saa moja," alisema Mzee Zephaniah.

"Baada ya habari," alisema Ndunge.

"Mimi hungoja matangazo ya vifo yaishe," alisema Wakesho. "Si vizuri kubonyeza wakati watu wanatangaziwa msiba."

"Hata mimi hungoja vifo," alisema Ndunge.

"Nani asiyengoja vifo?" akauliza Mzee.

Derrick aliandika kitu. "Sawa. Mnaanza wakati mmoja. Si neno, kugongana mara ya kwanza ni kawaida. Ndiyo maana nikawaachia kile kisanduku cha dakika za kungoja. Mashine zikigongana, kila mmoja ajitoe, angoje dakika zake, arudie. Niliwaambia kila kituo kichague nambari yoyote kinayopenda, kutoka moja hadi ishirini. Chala mlichagua ngapi?"

"Saba," alisema Mzee Zephaniah. "Ukuta wa Yeriko ulizungukwa siku saba."

Derrick akamgeukia Ndunge.

"Saba. Mimi ni wa saba kwa mama yangu."

Akamgeukia Wakesho. Wakesho aliangalia mikono yake. "Mungu alipumzika siku ya saba. Nikaona kungoja ni kama kupumzika."

Nje mtu alikuwa akinunua bawaba na kulalamika.

"Kwa hiyo mnagongana," alisema Derrick, "mnajitoa wote kwa heshima, mnangoja dakika saba wote, mnarudi wote, mnagongana. Halafu tena."

"Kwa utaratibu," alisema Mzee Zephaniah.

"Na mimi niliweka saba," alisema Bi Mwanaesha. "Al-Kaaba huzungukwa mara saba. Niliona hapana nambari iliyo bora." Akamwangalia fundi. "Na ile mashine yako ya majaribio, mwanangu, uliiweka ngapi?"

"Ile ni ya majaribio tu."

"Ni ngapi?"

Derrick alikohoa. "Saba. Ni nambari ya jezi yangu."

Hapo ungedhani shauri limekwisha, kila mtu achukue nambari yake waende nyumbani. Wakesho naye alidhani hivyo. Lakini nambari ni kama viti vya harusini. Derrick aliposema mmoja achukue mbili, mwingine tano, mwingine tisa, wote walimpisha Mzee Zephaniah achukue mbili, kwa umri wake. Mzee akakataa ili wasiseme amejitanguliza, akakataa mara ya pili, akakubali. Tano wakampa Wakesho. Tisa ikabaki mezani.

"Kwa hivyo Maungu ni watu wa mkiani," alisema Ndunge.

"Si mkiani, dada, ni dakika chache tu," alisema Derrick.

"Kila Alhamisi?"

"Kila mkigongana."

"Na tunagongana kila Alhamisi. Kwa hivyo lori linaanzia Chala kila wiki, linamaliza siku huko kwenye vumbi, mimi nakaa barabarani na pojo zangu nikihesabu malori ya watu wengine. Nipe mbili."

"Mbili nimepewa mimi," alisema Mzee, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuizoea.

Walibishana hadi kivuli cha mlango kikafika kwenye mifuko ya simiti. Wakesho alitaka kusema atachukua tisa yeye, amani ipatikane. Lakini akamwona Loise kichwani mwake, ameketi, amekataa chai. Lori likianzia Chala halitafika Wusi Alhamisi. Akanyamaza. Na alipotambua kwamba ananyamaza kwa sababu hiyo, alielewa kwamba Ndunge hakuwa mgomvi.

Derrick akakubali kwamba Ndunge ana haki. Nambari isiyobadilika humpendelea mwenye ndogo. Akafungua mkoba wake, akatoa kidude cheupe chenye madoa meusi, akakiweka mezani mbele yao.

"Dawa ni hii. Dadu. Kila mkigongana, kila mashine inarusha dadu yake yenyewe, kwa siri, ndani. Itakachoonyesha ndizo dakika za kungoja. Leo wewe mbele, kesho mwenzako."

Hakuna aliyeigusa. Mzee Zephaniah aliiondoa kofia yake karibu na meza.

"Kijana," alisema, "mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi kuweka kamari sebuleni kwangu."

"Kamari ni haramu," alisema Bi Mwanaesha. "Hapo sina la kuongeza."

"Mume wangu alimpoteza mbuzi kwa hiyo kitu," alisema Ndunge. "Mbuzi mwenye mimba."

"Lakini hamtaiona," alisema Derrick. "Iko ndani ya mashine. Ni hesabu tu."

"Mungu ataiona," alisema Mzee, akasimama kutafuta fimbo yake.

Wakesho aliiona Alhamisi ikitoka mlangoni pamoja na ile fimbo. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu wasio wa kwao, na Kiswahili chake kilikuwa cha kupanda mlima, kinapumzika njiani. Lakini alisema.

"Mzee, subiri. Yuda alipokufa, yule wa kuchukua nafasi yake, Mathiya, alipatikanaje?"

Mzee Zephaniah alisimama na fimbo mkononi. "Walipiga kura."

"Mitume?"

"Mitume wenyewe."

"Si kamari?"

"Kamari ni kutafuta mali ya mwenzako. Kura ni kumwachia Mungu aamue." Akafikiri. "Yona pia alipigiwa kura melini."

"Nabii Yunus," alisema Bi Mwanaesha.

"Yona."

"Ni huyohuyo, Mzee. Kwetu pia alipigiwa kura, ikamwangukia. Na Mtume akisafiri alikuwa akiwapigia kura wakeze, nani aandamane naye. Kura haina ubaya."

"Huyo Yona si alitupwa baharini?" akauliza Ndunge.

"Alitupwa," alisema Mzee, akiketi tena. "Lakini hakuna aliyelalamika kwamba kura haikuwa ya haki."

Derrick aliirudisha dadu mkobani bila kusema neno, na hiyo ilikuwa busara yake kubwa siku ile. Akawaeleza upya kwa maharagwe ya Mbaruk, kwenye kikapu. Mashine zikigongana, kila moja inaokota kura kwenye kikapu kidogo chenye moja na mbili tu. Zikiokota sawa zikagongana tena, kikapu kinapanuliwa, moja hadi nne. Zikigongana tena, moja hadi nane. Kadiri ugomvi unavyozidi, ndivyo kikapu kinavyozidi kupanuka, mpaka watu wapishane.

"Kama watoto wakigombania kitanda," alisema Ndunge. "Unaongeza godoro."

"Na salamu mfupishe," alisema Derrick. "Ujumbe mrefu unakaa njiani sana, unagongwa kirahisi. Mama wa Wusi, zako za zamani zilizomo humu zinaanza na afya ya ng'ombe."

"Bi Mwanaesha huuliza habari za ng'ombe," alisema Wakesho.

"Huuliza," alisema Bi Mwanaesha.

Mzee Zephaniah aliweka sharti la mwisho. Mitume walipopiga kura waliomba kwanza. Kwa hiyo hakuna kituo kitakachobonyeza bila sala. Bi Mwanaesha alisema yeye husoma dua hata kabla ya kufungua duka. Ndunge alisema ataomba, lakini asipangiwe urefu. Derrick akazunguka vituo vyote kabla ya Alhamisi na disketi zake, akaweka kura.

Alhamisi ilipofika, akina mama wa Wusi walikuwa sebuleni kabla ya habari kuanza. Makreti yalijaa varandani. Wakesho alivikunja vitambaa akaviweka kando. Aliandika ujumbe wake: *Salamu. Wusi tuna nyanya, varanda imejaa.* Aliusoma, akaona haya, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi. Lakini aliuacha hivyo.

Habari zikaisha. Vifo vikatangazwa, vikaisha.

"Tuombe," alisema Wakesho, na kabla hajafumba macho Loise alikuwa ameanza.

Loise aliomba kwa ajili ya nyanya. Akaomba kwa ajili ya lori, dereva, magurudumu yake moja moja, barabara ya Mwatate, wagonjwa, wajane, watoto walioko Nairobi wasioandika, na ng'ombe wa Wakesho. Wakesho alifumbua jicho moja akaangalia redio. Ikalia mara moja, ikanyamaza. Bila shaka ni Maungu wamebonyeza. Loise alikuwa amefika kwa viongozi wa nchi.

"Amina," walisema.

Wakesho alibonyeza. Redio ililia. Kioo kikaandika: HAIJAFIKA. NAPIGA KURA.

"Imesemaje?" akauliza Loise.

"Kuna mwingine amemaliza kuomba pamoja na sisi."

"Nani anaomba hivyo?"

"Chala. Ni mzee wa kanisa."

Loise alitikisa kichwa kwa heshima. Walingoja. Barabarani chini honi ililia, honi wanayoijua wote, ndefu kisha fupi. Mama mmoja alichungulia dirishani.

"Reuben amesimama kwa kona. Ameteremka. Anaegemea pikapu, anakula muwa."

HAIJAFIKA. NAPIGA KURA.

"Tena?" alisema Loise.

"Mashine zimeokota sawa. Sasa kikapu kinapanuliwa."

"Kikapu gani? Mimi sioni kikapu."

"Kiko ndani."

Hakuna aliyecheka. Wakesho aliketi mikono mapajani. Alijua kwamba hakuna kitu zaidi cha kufanya, na kitu hicho, kutofanya chochote, kilikuwa kigumu kuliko kulima. Vidole vyake vilitafuta sindano ya kufumia, vikaikosa. Nje, Reuben alitema makapi ya muwa. Mama wa dirishani akaendelea kuwaarifu: ameangalia saa, amevaa kofia, anapanda kilima huku.

Redio ikalia, peke yake, sauti moja safi kama filimbi ya mwalimu.

IMEFIKA.

Na baada ya hapo, herufi kwa herufi, likaja jibu la Bi Mwanaesha: *Maungu na Wusi nimepata. Maungu iko njiani kwenda Mombasa, watachukuliwa mwisho. Lori laja kwenu sasa. Ng'ombe hawajambo?*

Reuben alibisha mlangoni, akapiga hodi vizuri, akasema ameona makreti, akaona awasaidie.

"Asante," alisema Loise. "Tumepigiwa kura."

Reuben aliwaangalia wote, akaangalia mashine, akaangalia ile picha ya harusi, akaondoka hajaelewa. Loise alivua leso yake ya kichwani, akaikunja, akaegemea kiti.

"Mama Valentine, kama kuna chai," alisema. "Sukari usizidishe."

Chala walipata lori siku iliyofuata, na wiki ya pili Bi Mwanaesha akawapa zamu ya kwanza, na Mzee Zephaniah hakusema kitu ila kwamba kura ni kura. Kikundi hakikuvunjwa.

Derrick alirudi baada ya msimu kukagua. Alifungua kila mashine, akashangaa: kura hazikuwa zimepigwa karibu hata mara moja tangu ile Alhamisi ya kwanza. Vituo havikuwa vikigongana tena. Alimuuliza Wakesho kama wamebadilisha saa ya kutuma.

"Hatujabadilisha," alisema Wakesho, akimmiminia chai. "Ni vilevile, baada ya vifo. Ndunge huomba mistari miwili. Kwetu huomba Loise. Mzee wa Chala huomba mpaka jua litoke mlimani. Siku ile ya kwanza tu ndiyo Loise alimfikia kwa urefu, maana alikuwa na hofu."

Derrick alikunywa chai yake yote. Alikuwa na ripoti ya kuandika, yenye sehemu ya vifaa na sehemu ya programu, na alikaa muda mrefu na kalamu mkononi, akitafuta sala aiweke wapi.